Meza ya Vivumishi

Nani alikuwa wa kwanza kukiita kitu kibaya, na je, kile kitu kilisikia? Swali hili nimelikalia miaka kumi na tisa, au asubuhi moja, maana ndani ya Nyumba hii mwaka na asubuhi havipishani kiasi cha kumfanya mtu abishane. Kalenda ipo ukutani, lakini kurasa zake huchanwa na yeyote mwenye haja ya kufungia karanga. Jua liko dirishani tangu niajiriwe, halipandi wala halishuki. Mimi niko mezani. Hayo matatu ndiyo ninayoweza kuyaapia, na la tatu nalo siku hizi nalitilia shaka.

Kazi yangu ni kuvika. Watu wa chini huja na maneno yao yakiwa uchi, mimi nikayavisha Kiingereza, kwa sababu Ghorofani hawasomi kingine. Sivishi maneno yote. Meza yangu ni ya vivumishi, yaani sifa za vitu: kizuri, kibaya, kirefu, kilichooza. Meza ya jirani ni ya Makungu, mtu mnene mwenye kikohozi, naye hupokea majina: ya watu, ya vitu, ya mahali. Ya tatu ilikuwa meza ya vitenzi. Ile imefunikwa shuka, na juu ya shuka kuna vumbi la kuandikia kwa kidole. Ilifungwa kwa sababu kitenzi cha Kiswahili hakitembei bila mtenda kukaa shingoni pake. Alipiga. Waliiba. Kinaua. Ghorofani walichoka kusoma nani kafanya nini, wakaamua kwamba tangu siku hiyo malalamiko yote yaandikwe kwa majina na sifa tu, na kwamba jina na sifa visipande juu kwenye karatasi moja. Jina huenda kwa kamba ya Makungu, sifa kwa kamba yangu. Utaratibu huo unaitwa usafi wa kazi, na mimi niliupigia makofi.

Nilikuwa na jina. Makungu analo mahali fulani kwenye sanduku lake, nikimwomba anasema atalitafuta. Watu wananiita Bwana Sifa, nami naitika.

Kwa ubaya peke yake nina droo saba. Kwa wema ninayo moja, na haifunguki vizuri.

Ya kwanza ina neno "bad", na ni marufuku kulitumia: ni neno la watoto, na la kukemea mbwa. Ya pili ina "unfavourable". Hili limevaa tai. Maana yake jambo halikukupendelea, hakuna aliyekosea, ni bahati tu haikukuangalia usoni. Karatasi yenye neno hili hupelekwa Kabati la Kusubiri. Ya tatu ina "adverse", neno la mawakili na madaktari: kitu kimesimama mbele yako kukupinga, basi na kikao kiitishwe. Ya nne ni "detrimental", linalokula taratibu mithili ya mchwa, na kawaida likifika kusomwa boriti imeshaliwa. Ya tano ni "deleterious", ambalo sijawahi kulitoa. Nadhani liliwekwa kwa ajili ya mitihani. Ya sita ni "harmful". Hilo ni fupi na lina mkono: linadhuru, hapa, sasa. Karatasi yake huenda moja kwa moja kwa wenye makufuli. Ya saba ni "poisonous", sumu yenyewe, lakini huruhusiwi kuitoa mpaka mlalamikaji alete ushahidi ndani ya chupa, na chupa hutolewa Ghorofani. Nimejifunza kitu kimoja katika miaka hii, kwamba neno la Kiingereza likirefuka, maumivu ya mtu hufupika. Kwa hiyo napenda marefu. Hayanipi shida, na mchana nakula chakula changu vizuri.

Basi akaja Siwema.

Mara ya kwanza alikuwa msichana, kanga imefungwa kifuani, miguu ina tope la Bondeni. Alianzia kwa Makungu.

"Jina?"

"Siwema."

Makungu akakohoa, akacheka, akanigeukia. "Bwana Sifa, huyu wako au wangu? Siwema ni jina au ni kivumishi?"

"Nilizaliwa siku ya msiba," msichana akaeleza. "Bibi akasema siku hii si njema. Wakaniita hivyo hivyo."

"Basi ni jina," akasema Makungu, akaandika, akafunga kikaratasi kwenye kamba yake, kikapanda. Msichana akaja mbele yangu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sema."

"Nimetumwa na mama. Maji yamenuna."

Nilijua maana yake. Watu wa Bondeni hawasemi maji ni mabaya. Kwao maji ni mgeni aliyeletwa na Mungu, na mgeni hatukanwi akiwa ndani ya nyumba. Mto ukitoa povu, samaki wakielea tumbo juu, mbuzi wakinyonyoka manyoya baada ya kunywa, wao husema maji yamenuna, wakitumaini kwamba aliyenuna akibembelezwa atacheka. Ni adabu nzuri. Imewazika wengi.

"Yamenuna vipi?" nikamuuliza.

"Tangu kiwanda cha ngozi kifunguliwe kule juu, yanatoka ya rangi ya chai. Mbuzi wetu watatu wamelala hawajaamka. Mama anasema tuulize tumekosa nini, tuombe radhi."

Nikatazama droo zangu. Kununa. Ni ubaya wa daraja gani huo? Mtu akinuna hajakuumiza, amekunyima tabasamu tu. Nikavuta droo ya pili. Najua sasa kwamba mkono wangu ulikwenda pale kabla ya akili, kwa sababu kiti nilichokalia kimevikwa ngozi ya kiwanda kile, na viti vya Ghorofani pia, lakini wakati ule niliamini nakuwa mwaminifu kwa neno lake. Nikaandika "unfavourable", nikalifunga kwenye kamba yangu. Likapanda. Msichana akashukuru kwa mikono miwili.

Nikanywa chai. Ilikuwa na majani mengi.

Je, neno likishatoka kinywani kwa mtu, ni la nani? Yeye kalitoa, mimi nimelivika, wao watalisoma. Kama likiua njiani, atashtakiwa nani. Mimi sikuua. Mimi nimechagua. Kuchagua ni nini. Mkono unakwenda kwenye droo. Droo si bunduki. Droo ni ubao na kishikio. Hayo nilikuwa nikijiambia, na chai ikapoa.

Sijui ilipita chai ngapi. Nilipoinua macho alikuwa amesimama palepale, lakini alikuwa mama mtu mzima wa rika langu, kilemba kimefungwa kwa haraka, na mikononi ngozi inabanduka kama ya kitunguu. Kile kikaratasi changu cha zamani kilikuwa bado kinaning'inia kwenye kamba, kinakaribia dari. Sikushangaa. Ndani ya Nyumba hii foleni ni ndefu, watu huzeekea humo.

"Habari za kazi, kaka."

"Salama, dada. Wewe ni nani?"

"Siwema. Nilikuja asubuhi."

"Ndiyo. Maji yamenuna."

"Yamenuna sana." Akaweka mikono yake juu ya meza nisome. "Nimezika wawili. Wa kwanza alikuwa anatambaa. Wa pili alishaanza kuniita mama. Nimebaki na Tatu."

Mtoto wake wa tatu, kwa hiyo akamwita Tatu, kama watu wengi wanavyofanya. Ila yeye alilitamka lile jina akihesabu, na nikahisi aibu ambayo sikuwa na droo yake. Nikamwambia, "Dada, sema neno jingine. Hili la kununa halinisaidii. Ukisema baya, mimi nitaandika baya."

Akatikisa kichwa. "Nikiyaita mabaya, nikirudi nitayanywa vipi? Ndiyo hayo hayo niliyo nayo. Kuna kisima kimoja tu kisichonuna. Alikichimba marehemu mume wangu kwenye mwamba, mbali na mto, kwa mikono yake. Lakini kijiji kizima kinachota hapo, na saa sita mchana kinakauka. Baada ya saa sita tunarudi mtoni."

"Na kiwanda?"

"Kiwanda kipo. Bomba lake linamwaga mtoni usiku na mchana. Kifungwe kile, kaka, basi. Mengine tutayabeba wenyewe."

Nikafungua droo ya tatu. Nilijiona jasiri, maana nimepanda droo nzima. Nikaandika "adverse". Likapanda juu, na mara hii jibu lilishuka kabla hajatoka mlangoni: kikao kimeitishwa. Nikamsomea. Akauliza kikao kitakaa wapi, nikamwambia Ghorofani. Akauliza wanaokaa watakunywa maji gani, nikamwambia ya chupa.

Alipoondoka nilikuwa na fadhaa. Nilikwenda kwenye ile meza iliyofunikwa, nikafunua shuka. Nikakuta daftari la mwenye vitenzi, na kwenye ukurasa wa mwisho ameandika kwa kalamu ya risasi: anakunywa, anakunywa, anakunywa. Hakuna zaidi. Sikumbuki sura yake. Makungu anadai hakuwapo mtu wa namna hiyo, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikikaa pale zamani, kabla sijabadilishwa meza. Nilimtukana. Halafu nikautazama mwandiko, nikarudisha shuka haraka.

Mara ya tatu nilimsikia kabla ya kumwona, fimbo yake ikigonga sakafu. Nikasimama. Nywele zake zilikuwa nyeupe, mgongo umeinama, na mimi sikuwa nimeongeza hata mvi moja. Niliona haya kuwa kijana mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akakaa bila kukaribishwa, akashusha pumzi. "Tatu ana mimba ya miezi saba. Anaona kiu sana, mchana na jioni. Kisima kikikauka namkataza kunywa ya mtoni, naye ananificha, anakunywa. Mimba mbili zimeshatoka. Hii ikitoka, na yeye anaondoka nayo, mkunga ameniambia wazi. Sikuja kubembeleza tena."

Nikaona anakusanya kitu kinywani, kama mtu anayetaka kutema mbele za watu wazima na kuona haya.

"Maji mabaya," akasema.

Lilimtoka kwa sauti ndogo. Kisha akajifuta midomo na upindo wa kanga. Umri wake wote hakuwahi kulisema neno lile juu ya maji, na baada ya kulisema aliangalia chini, akingoja labda dari imwangukie. Dari haikuanguka. Makungu akaacha kukohoa.

"Yanafanya nini?" nikauliza, ingawa sikuruhusiwa kuuliza kitenzi.

"Yanaua."

Sikuwa na mahali pa kuliweka hilo. Lakini mkono wangu ulikwenda droo ya sita, na safari hii akili ilitangulia. Nikaandika "harmful" kwa herufi kubwa, wino ukapenya karatasi. Nilifurahi, nakiri, furaha ya mtu mwoga aliyethubutu mara moja na tayari anajisimulia. Likapanda. Makungu alifunga jina lake kwenye kamba yake, kwa utaratibu ule ule, jina peke yake na sifa peke yake.

Tukangoja. Siwema alilala kidogo kitini. Nilimtazama nikamwona msichana mwenye tope miguuni, na mama mwenye mikono inayobanduka, wote wamelala kwenye kiti kimoja, na nikajiuliza kati yangu na wao ni nani hasa hayupo.

Kamba ikashuka. Karatasi ilikuwa na muhuri mwekundu, na maneno machache ya Kiingereza: "Harmful. To be closed." Kinadhuru, na kifungwe. Au anadhuru, na afungwe. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya miaka yote kwa kuupigia makofi usafi wa kazi. Sifa ya Kiingereza haina mkufu. Kiswahili hakikuruhusu kusema mbaya ukanyamaza: ukisema mabaya umeyataja maji, ukisema wabaya umewataja watu, kiambishi kinamshika mwenyewe shati. Lakini "harmful" inatembea huru mjini, humwangukia yeyote aliye karibu. Na jina lililopanda kwa kamba ya Makungu siku ile lilikuwa moja, Siwema wa Bondeni.

Mlangoni alikuwa amekwisha kufika askari, Chogero, na kufuli kubwa kiunoni na mfuko wa saruji begani. Chogero hasomi Kiingereza. Kwa sheria ya Nyumba, amri husomwa na mimi, kwa Kiswahili, kwa sauti, na anachokisikia ndicho anachokifanya. Kumbe basi, kwa mara ya kwanza, hatima ya neno ilikuwa mdomoni mwangu. Herufi moja mbele, au mbili. Nilizipitia zote nikiwa nimeshika ile karatasi. Afungwe, na bibi huyu analala ndani leo. Wafungwe, na Bondeni kote kunazungushiwa waya. Lifungwe, bonde. Ufungwe, mto, na nani aliwahi kuuweka mto kufuli. Yafungwe, maji, na kiu ndiyo ibaki. Ghorofani walikuwa na maana ipi? Nadhani hawakuwa na maana. Waliona neno la droo ya sita, wakajibu kwa jibu la droo ya sita. Hapo katikati paliachwa tundu, na mimi nimesimama ndani yake.

"Soma, bwana," Chogero akasema. "Saruji nzito."

Siwema alikuwa ameamka. Hakujua Kiingereza, ila alijua karatasi yenye muhuri mwekundu inapotazamwa kwa muda mrefu si salama. Alishika fimbo yake kwa mikono miwili.

Nikakohoa. Nikasoma: "Kinadhuru. Kifungwe."

Sijawahi kusema neno lililonikaa vizuri mdomoni kuliko lile. Ki. Kiwanda. Bibi akalielewa palepale, akainuka, akanishika mkono akaubusu, na machozi yake yalikuwa ya moto kwenye vidole vyangu. "Mungu akulipe, mwanangu," akasema. "Mungu akupe mtoto akuite baba." Nami nikasimama wima. Nilimwona Tatu bila kuwahi kumwona, ameketi kivulini, anakunywa maji meupe saa nane mchana, hajifichi.

Chogero alibadilisha bega. "Kipi, bwana?"

Nikaigeuza karatasi, nyuma palikuwa peupe.

"Kifungwe kipi?" akarudia, bila ubaya wowote. Alikuwa mtu wa kazi, anataka ajue anakokwenda. "Bondeni naijua. Kule kuna vitu viwili. Kuna kiwanda, na kuna kisima."

Mtu anaweza kufikiri mambo mengi katika muda wa kumeza mate. Nilifikiri: sema kiwanda. Nilifikiri: atauliza imeandikwa wapi. Nilifikiri ile ngozi niliyoikalia, na wao wanayoikalia, na kamba inayopanda, na kwamba wakisikia Bwana Sifa ametamka jina, kazi ya meza ya jirani, watashuka kuniuliza mimi ni nani, na sina jina la kuwapa. Nilifikiri ile meza yenye shuka. Neno lilikuwa ulimini, silabi tatu, zina uzito wa kawaida kabisa.

"Mwambie, mwanangu," Siwema akasema kwa upole, akidhani sikusikia swali.

Nikatazama karatasi. Nikaitazama kana kwamba inaweza kuongezeka.

"Karatasi haisemi," nikajibu.

Chogero akafikiri kidogo. "Kiwandani kuna geti," akasema, "na walinzi wana bunduki. Kisima hakina hata mlango." Akaupandisha mfuko begani, akatoka.

Bibi hakunilaani. Ningependa anilaani. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu uliyekuwa unamdhani mwingine, kisha akageuka akamfuata askari, akijaribu kukimbia na fimbo yake, na kutoka ukumbini mpaka uani nilimsikia akilitaja kwa niaba yangu, pole pole kwanza, halafu kwa sauti inayokatika: "Kiwanda, baba. Ni kiwanda. Baba, kiwanda." Chogero hakugeuka, kwa kuwa amri husomwa kwenye meza yangu peke yake.

Nilibaki nimesimama, mdomo wazi, nikingoja aniulize mara ya tatu.